Filamu za mapinduzi: Amin aonekana, Kagera haionekani

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

WILAYANI Muleba, katika eneo la Kaboya, yapo makaburi ya askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliopoteza maisha katika vita vya mwaka 1978 na 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda. Julai 25, 2013, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa katika eneo hilo, mgeni rasmi akiwa Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete.

Makaburi hayo ni ukurasa wa mwisho wa kisa kilichoanzia mbali na Muleba. Kilianzia Kampala, Januari 25, 1971, pale Meja Jenerali Idi Amin alipompindua Rais Milton Obote, aliyekuwa Singapore kuhudhuria mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola.

Kisa hicho kimetengenezewa filamu nyingi kuliko mapinduzi mengine yoyote ya Afrika Mashariki. Waigizaji wamepata tuzo kwa kumwiga Amin, na kanda za filamu hizo zimezunguka dunia nzima hadi kufika katika mabanda ya video ya Bukoba na Muleba.

Hata hivyo, mtazamaji wa Kagera anayezitazama filamu hizo moja baada ya nyingine hugundua jambo moja. Kamera huingia ikulu, huingia uwanja wa ndege wa Entebbe, huingia hata chumbani kwa wake za Amin. Ni nadra kufika Kyaka, na Kaboya haifiki kabisa.

Makala hii inaeleza filamu zinazojulikana zaidi kuhusu utawala huo, ukweli na ubunifu uliomo, na kile kilichoachwa nje ya picha.

Kilichotokea kwa kifupi

Mapinduzi ya 1971 yalitangazwa kwa redio. Askari aliyeitwa Wilfred Aswa alisoma hewani sababu 18 za jeshi kutwaa madaraka, na katika mitaa ya Kampala watu wengi walishangilia.

Tanzania ilikataa kuitambua serikali mpya. Mwalimu Julius Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na kumpa hifadhi. Uamuzi huo ndio ulioutia mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, katika mgogoro ambao wakazi wake hawakuuanzisha.

Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliingia Uganda kutoka Tanzania kwa lengo la kumng'oa Amin, wakashindwa vibaya. Amin alijibu kwa kutuma ndege zilizodondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zilitia saini makubaliano mjini Mogadishu ya kusitisha uhasama.

Oktoba 1978 ndege za Uganda zilirudi tena katika anga ya Bukoba, na mwishoni mwa mwezi huo majeshi ya Amin yakavuka mpaka. Amin alitangaza kuwa ameitwaa ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, eneo la kilomita za mraba zipatazo 1,800, na daraja la Kyaka likalipuliwa.

Inakadiriwa kuwa raia wapatao 1,500 waliuawa katika uvamizi huo. Maelfu walikimbia makwao, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere aliwatangazia Watanzania kuwa uwezo wa kumpiga Amin upo, sababu ipo na nia ipo. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Amin alikimbilia Libya na baadaye Saudi Arabia, ambako alifariki dunia mjini Jeddah Agosti 16, 2003.

Amin ajiigiza mwenyewe

Filamu ya kwanza kupata umaarufu haina mwigizaji. Ni filamu ya kumbukumbu ya mwaka 1974 iitwayo General Idi Amin Dada, iliyoongozwa na Barbet Schroeder kwa lugha ya Kifaransa na Kiingereza. Amin mwenyewe alikubali kupigwa picha, akiamini kuwa filamu hiyo itamjengea sifa.

Humo anaonekana akipiga kodiani, akitembeza wageni mtoni na kuongoza mazoezi ya kijeshi ya kuigiza uvamizi wa milima ya Golan. Katika kikao cha Baraza la Mawaziri anamkemea waziri wake wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Mtazamaji anaelezwa kuwa muda mfupi baadaye maiti ya waziri huyo ilikutwa katika Mto Naili.

Filamu ilipoonyeshwa Ulaya, Amin alidai baadhi ya sehemu zikatwe. Schroeder alipokataa, Wafaransa waishio Uganda wapatao 200 walikusanywa katika hoteli mjini Kampala. Mwongozaji alilazimika kukata dakika zipatazo mbili na nusu, na alizirudisha baada ya Amin kuanguka.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba mtawala aliyeingia kwa mtutu wa bunduki aliiogopa kamera kiasi cha kuwashika watu mateka kwa ajili ya picha za dakika mbili. Alijua kuwa anayeshika picha anashika pia namna atakavyokumbukwa.

Entebbe, uwanja wa ndege uliozaa filamu nne

Juni 27, 1976, ndege ya Shirika la Ndege la Ufaransa ilitekwa nyara na kupelekwa Entebbe. Usiku wa kuamkia Julai 4 makomando wa Israel walivamia uwanja huo na kuwaokoa mateka 102.

Kabla ya mwaka kwisha, kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuonyesha Victory at Entebbe. Januari 1977 ikafuata Raid on Entebbe, ambamo Yaphet Kotto alimwigiza Amin. Mwaka huo huo Israel ilitoa Operation Thunderbolt, iliyoongozwa na Menahem Golan. Miaka 41 baadaye, mwaka 2018, ilitoka 7 Days in Entebbe ya José Padilha.

Filamu hizi zinahusu uokoaji zaidi kuliko siasa za Uganda. Amin humo ni jitu la kuchekesha na kutisha linalopita katika kisa cha watu wengine. Askari wa Uganda huonekana wakianguka kwa risasi, lakini majina yao hayatajwi.

Aidha, hadithi inaelekezwa kwenye ndege iliyowabeba waliookolewa. Kilichowapata waliobaki hakipewi uzito huo. Bibi Dora Bloch, mateka aliyekuwa amelazwa Hospitali ya Mulago, aliuawa. Wakenya walioishi Uganda waliandamwa na wengi wakapoteza maisha, kwa kuwa nchi yao iliiruhusu ndege ya Israel kutua Nairobi.

Joseph Olita na filamu ya Nairobi

Kwa watazamaji wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa vijana miaka ya 1980, sura ya Amin katika sinema ni ya Joseph Olita, mwigizaji wa Kenya. Aliigiza katika Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel na kutolewa mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kukimbia.

Filamu hiyo inaanzia mapinduzi, inapita katika kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na mauaji ya wapinzani, na kufikia anguko la mtawala huyo. Olita alifanana na Amin kwa umbo na uso kiasi kwamba mwaka 1991 mwongozaji Mira Nair alimwita tena kuigiza nafasi hiyo kwa muda mfupi katika Mississippi Masala, filamu inayofuata familia ya Kihindi iliyofukuzwa Kampala.

Udhaifu wa filamu ya Patel ni kupenda mno damu. Inamwonyesha Amin kama zimwi la kutungwa, akifanya hata mambo ambayo hadi leo ni uvumi usiothibitishwa, kama vile kula nyama ya watu. Mtazamaji hutoka akiwa ameogopa, lakini hajaelewa jinsi mtu huyo alivyopata askari, silaha na marafiki wa kumweka madarakani miaka minane.

Isitoshe, filamu ilipigwa Kenya. Mandhari inayosimama badala ya nchi iliyopiganiwa si ya Mto Kagera wala ya migomba ya Buhaya.

Whitaker na daktari ambaye hakuwapo

Filamu iliyowafikia watu wengi zaidi ni The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald. Forest Whitaker, aliyejifunza Kiswahili na kupiga kodiani kwa ajili ya nafasi hiyo, alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume Februari 2007. Mwezi huo huo alikuwapo filamu ilipozinduliwa Kampala.

Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Uganda kwenyewe, na hilo ni la kusifiwa. Mitaa ni ya kweli na nyuso za watu ni za kweli. Lakini mhusika mkuu, daktari kijana wa Uskochi aitwaye Nicholas Garrigan, hakuwahi kuwapo. Anatoka katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998.

Mtazamaji anapaswa pia kujua kuwa Kay, mke wa Amin, alikuwapo kweli na alikufa kifo cha kusikitisha mwaka 1974. Uhusiano wake na daktari wa Kizungu ni wa kubuni. Daktari aliyehusishwa naye alikuwa Mganda, Mbalu Mukasa, ambaye naye alifariki wakati huo.

Kubadilisha Mganda kwa Mskochi si jambo dogo. Kunamfanya mtazamaji amwonee uchungu mgeni aliyenaswa, wakati wenye nchi ndio waliokuwa wakitoweka usiku kwa maelfu. Makadirio ya waliouawa wakati wa Amin yanatofautiana, kuanzia 100,000 hadi 500,000.

Kisa cha Garrigan kinamalizikia Entebbe mwaka 1976. Miaka miwili na ushei iliyofuata, ambayo kwa mkazi wa Kagera ndiyo yenye kisa chenyewe, haikuchezwa.

Lugha iliyopotea njiani

Jambo jingine ambalo mtazamaji wa Kiswahili hulikosa katika filamu hizo ni lugha. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za mkoloni, na raia wengi wa nchi hiyo walikihesabu kuwa lugha ya mwenye bunduki. Mwaka 1979 walifika askari wengine wanaozungumza Kiswahili, safari hii kutoka Tanzania, wakiwa wamekuja kumwondoa yule wa kwanza.

Mkanganyiko huo ungetosha kuzaa tamthilia nzima. Katika filamu za Kiingereza umebaki kuwa maneno machache ya kupambia mazungumzo.

Watazamaji wa mabanda ya video walijitafutia dawa yao. Watafsiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akiwamo Derek Mukandala maarufu kwa jina la Lufufu, hawakutafsiri neno kwa neno. Walifafanua, walitania na kuongeza maelezo, ili mtazamaji asiyejua Kiingereza aingie katika kisa. Nchini Uganda kazi kama hiyo imekuwa ikifanywa kwa Kiganda. Kwa njia hiyo kisa kilichotengenezwa ugenini hurudishwa nyumbani, walau kwa sauti.

Filamu yetu wenyewe

Si kweli kwamba Tanzania haikupiga picha vita hivyo. Mwaka 1980 Kampuni ya Filamu Tanzania ilishirikiana na Taasisi ya Picha na Sauti ya Dar es Salaam kutoa Vita vya Kagera, filamu ya kumbukumbu ya rangi inayoeleza mapambano hayo na kusisitiza ushujaa wa wapiganaji wetu.

Filamu hiyo ilitengenezwa nchi ikiwa bado inauguza majeraha, kwa nia ya kuwapa moyo wananchi. Kwa hiyo inaeleza ushindi kuliko inavyoeleza gharama. Serikali ilitaja idadi ya wanajeshi wa Tanzania waliofariki kuwa 373, na gharama za vita zinakadiriwa kuzidi dola za Marekani milioni 500, mzigo ambao uchumi wa nchi uliubeba kwa miaka mingi baadaye.

Lililobaki bila kuigizwa ni upande wa raia: familia iliyovuka mto usiku, mzee aliyeacha kibanja na kahawa yake, mama wa Muleba aliyefungua mlango kwa wageni wasio na kitu, kanisa la Kyaka ambalo magofu yake yamebaki kilimani.

Baada ya ushindi, mapinduzi mengine

Filamu kuhusu Amin huacha picha kwamba dikteta akianguka, kisa kimekwisha. Historia ya Uganda inasema vinginevyo.

Yusuf Lule aliapishwa Aprili 13, 1979 na kuondolewa Juni 20 mwaka huo huo. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi. Obote alirudi kwa uchaguzi wa Desemba 1980 uliopingwa na wengi, akapinduliwa kwa mara ya pili Julai 27, 1985 na jeshi lake mwenyewe chini ya akina Okello. Januari 26, 1986 Yoweri Museveni alitwaa Kampala.

Tawala sita ndani ya miaka saba, nyingi zikishuhudiwa kwa karibu kutoka upande huu wa Mutukula, hazijapata nafasi katika filamu tulizozitaja. Mvutano wa vikaoni haupigiki picha kwa urahisi kama kifaru kinachovunja lango.

Majirani walivyofanya

Kwingineko katika ukanda huu wapo waongozaji walioonyesha kuwa inawezekana kusimulia kunyang'anyana madaraka kwa jicho la walioumia.

Raoul Peck, mzaliwa wa Haiti aliyeishi Kongo utotoni, alitoa filamu ya Lumumba mwaka 2000. Inafuata miezi michache ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba, kutoka uhuru wa Juni 30, 1960, hatua ya Kanali Mobutu ya kumweka kando Septemba, hadi kuuawa kwake Januari 17, 1961. Peck alimweka Mkongo katikati ya kisa cha Wakongo, wala hakuhitaji daktari wa kigeni wa kumshika mtazamaji mkono.

Zanzibar ina mfano wa pande zote mbili. Mwaka 1966 Waitaliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi walitoa Africa Addio, yenye picha zilizopigwa kutoka angani baada ya mapinduzi ya Januari 12, 1964. Picha hizo zimebaki ushahidi wa nadra wa mauaji, lakini filamu yenyewe imelaumiwa sana kwa kuwadharau Waafrika.

Miaka 55 baadaye, mwaka 2021, Mtanzania Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi. Kisa ni cha miaka ya 1950, harakati za kumwondoa Mwingereza, na kinasimuliwa kwa Kiswahili kupitia kijana mwanaharakati na msichana wa Kihindi aliyetoroka ndoa. Siasa inaingia kwa mlango wa nyumba ya kawaida.

Nchini Uganda nako Moses Bwayo na Christopher Sharp walifuata kwa kamera kampeni za mwanamuziki Robert Kyagulanyi hadi uchaguzi wa Januari 2021. Filamu yao, Bobi Wine: The People's President, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2024. Bwayo alikamatwa wakati wa kazi hiyo, na hatimaye aliihama nchi.

Kwa nini kamera hubaki ikulu

Sababu ya kwanza ni fedha. Filamu ya vita huhitaji magari, silaha na umati wa watu, na mwenye fedha za kutosha mara nyingi yuko London au Los Angeles. Huyo hutaka mhusika ambaye mtazamaji wake atamtambua.

Sababu ya pili ni mvuto wa mtawala. Amin alikuwa mcheshi, mkubwa wa mwili na asiyetabirika, na mwigizaji yeyote angeitamani nafasi hiyo. Mkulima wa Kyaka aliyepoteza nyumba hana vituko vya kuchekesha.

Sababu ya tatu inatuhusu sisi. Mapinduzi husimuliwa kama tukio la siku moja, la redio na vifaru, ilhali madhara yake hudumu miaka na huwafikia watu waliokuwa nje kabisa ya ugomvi. Risasi za Januari 1971 zilisikika Kampala. Ilichukua zaidi ya miaka saba kwa gharama yake kamili kufika Kyaka, na kutoka hapo hadi makaburini Kaboya.

Muda unakwisha

Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, sasa amevuka miaka 65. Wengi waliokuwa watu wazima wakati huo wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kijana wa Kashai au Kamachumu anayemjua Amin kwa sura ya Whitaker bado anaweza kumuuliza babu au bibi yake alikuwa wapi Oktoba 1978, lakini nafasi hiyo haitakuwapo daima.

Simu ya mkononi yenye kamera inatosha kuanzia. Ushuhuda wa mzee mmoja uliorekodiwa vizuri, wenye jina la kijiji, tarehe na kilichotokea, ni malighafi ambayo mwongozaji wa kesho ataitafuta kwa gharama kubwa na asiipate kama haikuhifadhiwa leo. Shule, parokia, misikiti na halmashauri za Bukoba, Missenyi na Muleba zinaweza kuifanya kazi hiyo bila kusubiri mfadhili.

Amin aliwashika mateka watu 200 ili dakika mbili za picha zifutwe. Picha za Kagera hazijafutwa na mtu. Bado hazijapigwa, na wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka.